Afande Hafuti

"Mvua imefika. Anua nguo."

Redio ikanyamaza. Maneno manne tu kutoka kwa Meja Munirah, na Kapteni Moreen Adoch, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake mbele ya kibanda cha chapati mtaa wa Bugolobi, akaacha kutafuna. Katika idara yao ya ujasusi wa jeshi, nguo ni mtu anayekupa habari. Mvua ni kifo chake.

Adoch alikuwa na nguo moja tu kwenye kamba.

Monique.

Akachomoa Samsung yake yenye kioo kilichopasuka na kufungua ukurasa wa Brigedia Cleopas Olal kwenye mtandao wa X, ambako mvua nyingi huanzia. Wafuasi laki tatu na ushei. Picha ya Monique ilikuwa juu kabisa: yuko nyuma ya meza yake ya samaki wakavu soko la Kalerwe, kilemba cha njano kichwani, anacheka na mteja. Chini yake Brigedia alikuwa ameandika:

"Huyu ni jasusi wa waasi wa Congo. Yuko Kalerwe. Vijana wangu, mleteni. Akikimbia, mnajua la kufanya."

Dakika kumi na nne zilizopita. Watu elfu tisa walikuwa wameshausambaza ujumbe huo.

Olal alijulikana nchini kwa kidole chake kuliko kwa bunduki yake. Alitukana wanasheria. Alitisha waandishi wa habari. Siku moja alimwahidi refa wa mpira kipigo kwa sababu ya penalti. Makao makuu yalipotoa mwongozo wa kurasa nane kuhusu maofisa na mitandao, Olal aliupiga picha, akaubandika na kuandika: "Nimesoma. Nimecheka." Hakuna aliyemgusa. Wahenga walisema ukubwa ni jalala. Huyu aliuchukua ukubwa, jalala akawaachia wengine.

Kwa raia yalikuwa maskhara ya kupitishia chai. Lakini askari wa cheo cha chini aliyesimama kwenye kizuizi tangu alfajiri hajui maskhara. Kwake neno la brigedia ni amri, liwe limeandikwa kwenye karatasi au kwenye simu.

Samsung ikatetemeka. Adoch akaipeleka sauti kwenye kidude kidogo kilichokuwa sikioni.

"Yaya." Dada, ndivyo Monique alivyomwita siku zote, na sasa alikuwa akinong'ona. "Basoda beko huku. Beko naangalia bamama yote mu sura, banalinganisha na telefone."

"Uko wapi?"

"Mu depo ya birayi. Nyuma ya magunia."

"Ghala la viazi. Wako wangapi?"

"Sijue. Mingi. Na watu ya soko beko nabasaidia. Hata Huguette, yaya. Huguette tunakula naye pamoja."

"Vua kilemba. Usitoke. Usikate simu."

"Nitakufa?"

"Hapana."

Alijibu upesi mno, na moyo wake mwenyewe ukamsuta.

Akabonyeza redio. "Afande, nipe watu Kalerwe."

"Nina gari Bukoto," Munirah akasema. "Dakika kumi. Lakini sitawaamuru watu wetu wapigane risasi na askari wetu katikati ya soko."

"Olal je?"

"Nimepiga mara sita. Msaidizi wake anasema afande anakula, asisumbuliwe."

"Nani kampa picha ile?"

"Sikiliza vizuri. Mafundi wametazama. Ujumbe haukutoka nyumbani kwa Olal. Umetoka Bugolobi."

Adoch akainua macho.

"Umetoka kwenye jengo hilohilo unaloliangalia," Munirah akamaliza.

Siku tatu alikuwa akilichunguza ghorofa lile la rangi ya maziwa. Alimfuata Aristide, mfanyabiashara wa magendo ya dhahabu ambaye hakuna picha yake hata moja katika faili la serikali yoyote. Dhahabu yake ilivuka mpaka ndani ya magunia ya samaki. Mtu mmoja tu aliyekuwa tayari kumwonyesha kwa kidole mbele ya hakimu, Jumatatu, alikuwa mama muuza samaki aliyeona magunia hayo yakifunguliwa. Sasa mama huyo amegeuzwa jasusi. Aristide hakuhitaji kukodi muuaji. Alikuwa ameazima jeshi.

Kalerwe ilikuwa mbali. Kwa msongamano wa saa ile, hata kwa pikipiki, angefika kuokota maiti.

Ngazi za ghorofa ya tatu zilikuwa karibu.

Kila siku, saa nane na nusu, mwenye kibanda alipeleka juu mifuko ya rolex mbili, chapati zilizoviringishiwa mayai matatu matatu. Adoch alikuwa ameliona hilo mara tatu. Akaichukua mifuko ile kutoka mkononi mwa mwenye kibanda, akamwambia, "Leo pumzika, ssebo," akapanda.

Akagonga mlango kwa kiwiko.

"Nani?"

"Rolex."

Mlango ukafunguliwa nusu. Aliyefungua alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, miwani mikubwa, chaja ikining'inia shingoni. Adoch akamrushia mayai ya moto kifuani, akausukuma mlango kwa bega na kuingia.

Mtu wa pili alikuwa dirishani, shati jeupe, begi miguuni. Mkono wake ukaenda kiunoni.

Adoch alikuwa ameshafika. Akaukamata mkono ule pamoja na bastola, akauzungusha kwa nje mpaka mfupa ukalia. Yule bwana akaenda chini kwa magoti. Pingu, kifundo kimoja cha mkono, nondo ya dirisha. Kisha bastola ya Adoch mwenyewe, Glock, ikatoka na kumtazama mwenye miwani.

"Jina."

"Dady."

"Na huyu?"

"Aristide."

"Kazi yako?"

Dady akaelekeza macho mezani.

Simu sita zilikuwa zimepangwa kwenye kitambaa, zote zinachajiwa. Kila moja ilikuwa imebandikwa plasta ya kidonda, na juu ya plasta kumeandikwa kwa kalamu cheo na jina. Brigedia Olal. Kanali fulani. Kanali mwingine. Luteni Kanali wawili. Meja mmoja. Vinywa sita vya jeshi vilikuwa mezani kwa raia mmoja, karibu na chupa ya soda.

"Uliziiba?"

"Sijaiba, nnyabo. Wao wenyewe wanaleta. Wakubwa hawana muda. Mimi naandika, wao wanasifiwa."

"Na picha hii Olal ameiona?"

"Afande haangalii. Jioni anauliza tu, leo wamependa wangapi."

"Nani alikupa?"

Dady akamwangalia Aristide. Lilikuwa jibu tosha.

"Futa."

Dady akafuta. Adoch hakuona nafuu yoyote, kwani sikioni mwake alisikia ubao ukipigwa mateke, na pumzi za Monique zikiwa fupi fupi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kila askari pale sokoni alikuwa ameshaiweka picha kwenye simu yake, na amri haifi kwa kufutwa. Ilihitaji kutenguliwa na mdomo wa aliyeitoa.

"Olal anapokea simu ya nani akiwa anakula?"

"Yangu tu."

"Mpigie kwa simu yako. Weka spika." Akachukua simu yenye plasta ya Brigedia. "Na hapa fungua matangazo ya moja kwa moja. Sauti."

Dady akaelewa. Uso wake ukapauka. "Banange, nnyabo. Ataniua."

"Foleni ni ndefu. Fungua."

Simu ya plasta ikawaka nyekundu. Kila aliyemfuata Brigedia alipata mlio mfukoni. Wasikilizaji mia nne. Elfu mbili. Elfu kumi na moja.

"Dady, nini sasa? Niko nakula," Olal akasema kwenye spika.

"Afande, si Dady. Ni kapteni wa idara ya sheria." Uongo mdogo, wa kikazi. "Mwanamke uliyemtangaza hana hatia. Naomba useme neno moja, aachwe."

Kicheko. "Wewe unaniambia mimi nifute?"

"Atauawa, afande."

"Mimi sifuti. Ofisa hafuti. Leo nifute, kesho waseme Olal ni mjinga? Kwa ajili ya mkimbizi mmoja?"

Sikioni, mlango wa ghala ukavunjika.

"Toka! Mikono juu!" Sauti ya mwanamume. "Sajini, huyu ndiyo ile mutu ya picha."

"Mumesikia afande?" Sauti nyingine, nzito. "Amesema hafuti. Mulete huyo nje."

Bunduki ikakokiwa. Monique alikuwa akimwita Mungu kwa Kinande, lugha ya kwao, polepole, bila kulia.

Kwa sekunde mbili Adoch aliona wazi kuwa ndiye aliyemuua. Amewasha matangazo na kumfanya Olal airudie amri ile mbele ya watu elfu thelathini. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na akautumia woga huo kufikiri.

Miaka kumi na moja jeshini ilikuwa imemfundisha kitu kimoja kuhusu wakubwa wa aina ya Olal. Mtandaoni ni simba. Mwekee karatasi yenye nafasi ya sahihi, anakumbuka kuwa siku ile hakuwepo.

Akabadilisha sauti. Ikawa ya karani.

"Sawa, afande. Basi naandika. Mwanamke ameuawa Kalerwe kwa amri ya Brigedia Olal, saa nane na dakika arobaini na sita. Karatasi inakwenda mahakama ya jeshi. Naleta utie sahihi nyumbani au ofisini?"

Olal akalimeza tonge lake.

"Amri gani?"

"Ya kumkamata, afande. Na kumpiga risasi akikimbia."

"Mimi sijaamuru mtu."

"Askari wako wameshamzingira."

"Hao wamejipeleka. Nani aliwatuma? Wakiua, watajibu wao na mama zao."

"Lakini picha, afande..."

"Picha gani? Huyo mwanamke mimi simjui, sijamwona hata siku moja. Hiyo simu anakaa nayo Dady, anaandika mambo yake. Mimi nitajibu kesi ya Dady?"

"Kwa hiyo niandike hakuna amri?"

"Andika hivyo. Olal hakutoa amri. Andika na herufi kubwa."

Adoch akafumba macho na kusikiliza Kalerwe.

Sauti ya Olal ilikuwa ikitoka kwenye simu za askari, imechelewa kidogo, ikirudiwarudiwa kati ya magunia. Kisha mmoja akatema mate.

"Afande anasema ati sisi tulijileta," yule sajini akasema taratibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu. "Mumesikia? Ati na mama zetu."

"Sasa tunafanya nini, sajini?"

"Weka bunduki chini." Hatua zikasogea. "Mama, enda. Pita nyuma, kwa wauza ndizi. Sisi hatukukuona."

Adoch alipumua. Machozi yalimlenga na hakujisumbua kuyazuia, Dady akashangaa kuyaona.

"Kapteni!" Olal alikuwa ameipata sauti yake. "Unaitwa nani? Hivyo vyeo nitavivua kwa mkono wangu. Makao makuu mimi naweka mfukoni, unasikia? Hata huyo mkuu wenu, mimi ndiyo..."

"Afande."

"Nini?"

"Bado tuko hewani."

"Hewani wapi?"

"Kwenye ukurasa wako. Watu elfu sabini na moja."

Kijiko kilianguka kwenye sahani. Simu ikakatika.

Adoch akazima matangazo. Akazitoa simu zote sita kwenye chaja na kuzitia ndani ya kavera, mfuko wa plastiki uliokuwa na rolex ya pili. Aristide, jasho likimtiririka, alimtazama kwa chuki.

"Huyo mama hatafika Jumatatu," akasema. "Hizo ni simu sita tu. Unadhani niko na Dady mmoja?"

Adoch hakuwa na hakika kama Aristide anadanganya. Polisi wa jeshi, waliotumwa na Munirah, walikuwa wameanza kupanda ngazi. Aliwaachia mlango wazi na kushuka upande wa pili.

Redio ikakoroma. "Tumempata Monique," Munirah akasema. "Yuko kwenye gari, anatetemeka, mzima. Olal ameitwa makao makuu saa kumi ajieleze mbele ya kamati. Safari hii wamemtumia na gari la kumleta."

"Vizuri."

"Na wewe umeitwa. Umetumia ukurasa wa brigedia bila ruhusa."

"Najua."

"Maofisa watano wengine wameshaanza kunipigia. Watatu wanaapa hawajawahi kumsikia mtu anayeitwa Dady, na mimi sijamuuliza yeyote kuhusu Dady."

Adoch akausikia uzito wa kavera mkononi. "Nipe Monique."

Munirah akaiunganisha redio na gari, pumzi zikaja kwanza.

"Yaya. Ile picha mumeitoa?"

"Tumeitoa."

"Mu telefone ya watu yote?"

Adoch alisimama ngazini. Angeweza kumdanganya, lakini kwa siku moja alikuwa amedanganya vya kutosha.

"Hapana," akasema. "Hiyo hatuwezi. Monique, kuhusu Jumatatu, usipotaka kuja hakuna atakayekulaumu. Tutakupeleka mbali."

Nyuma yake injini ya gari ilinguruma.

"Mbali ni wapi?" Monique akauliza. "Sura yangu balishaiona yote. Kama ni kufa, nitakufa nakimbia, ao nitakufa nimesimama. Jumatatu ni saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Nitakuya. Na kilemba yangu."

Adoch akafunga kavera kwenye usukani, akavaa helmeti na kumpungia mkono mwenye kibanda. Kisha akaelekea makao makuu kujieleza. Alifika robo saa kabla ya Olal, akachagua kiti cha mbele.