Majina Manane Korongoni

"Kofia yako hiyo hapo."

Mulongo hakumpa mkononi. Wengine wote aliwavalisha zile kofia ngumu za mtoni mmoja mmoja, akawafunga kamba za kidevuni, akawagonga utosini akiwachekesha. Ya Nabalayo aliidondosha mchangani karibu na miguu yake, kama anayemtupia mbwa mfupa.

Nabalayo akainama, akaiokota, akaipangusa.

"Asante, Baba Nafula."

"Hapa mtoni naitwa Mulongo. Baba Nafula alikuwa wa kiwandani, na kule aliuzwa."

Muindi akamshika mchumba wake kiuno. "Achana naye, mpenzi. Mtu na hasira zake."

Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Wazee wa Muindi walishafika kwa kina Nabalayo, wakapokelewa, wakala, wakashiba. Lakini mtaani Lucky Summer, anakoishi Nabalayo, kadi za mwaliko alizogawa zilikuwa zikirudi chini ya mlango, nyingine zimekunjwa, moja imechanwa. Wanawake wakimwona bombani wanakata mazungumzo, wanahesabu mitungi yao. Wamempa jina: Wa Tisa.

Jina lilianza miaka miwili nyuma, kwenye kiwanda cha plastiki huko mtaa wa Baba Dogo. Mashine ilikula vidole viwili vya Kasiva, mfanyakazi mwenzao, na ofisi ikasema alikuwa kibarua, na kibarua hana fomu ya fidia ya kujaza. Wafanyakazi wakachagua kamati ya watu tisa ya kuandaa mgomo. Walikutana Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa mzee Kweyu, mtaani Ziwani. Hawakuandika chochote. Kila mmoja aliyabeba majina kichwani, wakaapa wasimtajie mtu, hata yule unayeshiriki naye blanketi. Alhamisi asubuhi majina manane yalikuwa yamebandikwa getini, wamefutwa kazi. La tisa, la Nabalayo, halikuwepo. Watu walitazama ile karatasi, wakamtazama yeye, na mama mmoja akamtemea mate kifuani.

Mulongo alikuwa wa tatu kwenye karatasi hiyo. Alihangaika bila kazi, mwishowe akajifunza kuongoza boti za mpira kwenye maporomoko. Mzee Kweyu alikuwa wa kwanza. Mwaka jana walimzika.

Aliyebaki upande wa Nabalayo ni Muindi peke yake, dereva wa lori la kiwanda, mtu wa Kayole. "Mimi najua si wewe," alikuwa akimwambia, na Nabalayo alikuwa akilia begani mwake kwa shukrani. Sasa Muindi ni supavaiza wa magari yote, na meneja ameamua kuwatoa masupavaiza na wenzi wao kwa siku nzima, waende kushuka mto kwenye korongo la nchi kavu ya Ukambani, eti wajenge umoja.

"Sikilizeni," Mulongo alisema, kasia begani. "Nikisema mbele, piga mbele. Nikisema nyuma, piga nyuma. Nikisema lala, kila mtu chini ndani ya boti. Ukianguka, usijaribu kusimama majini. Lala chali, miguu itangulie. Aliye karibu nawe atakushika mabegani mwa jaketi la kuokolea akuvute. Nimesema aliye karibu, sikusema anayekupenda. Mto haujui ndoa."

Watu wakacheka.

"Na msiyameze haya maji."

"Kwani yametoka wapi?" aliuliza meneja, Bwana Munene, mtu wa tumbo na kicheko.

"Nyuma ya nyumba zetu, meneja. Yamepita Lucky Summer, yamepita Kayole, tumeyatapikia na nyinyi mmeyatia rangi. Yakaja kujificha huku jangwani. Na bado mmeyafuata."

Munene akacheka zaidi ya wote. Hakumkumbuka. Mtu aliyekufuta kazi hana haja ya kuikumbuka sura yako.

Waliingia saba kwenye boti: Munene na supavaiza wa stoo mbele, Muindi na Nabalayo katikati, wanawake wawili wa ofisini nyuma yao, na Mulongo mkiani akishika usukani kwa kasia refu. Kuta za mawe mekundu zilianza chini, zikapanda mpaka mbingu ikabaki utepe. Hakukuwa na mti wa kivuli, ni miiba tu iliyoning'inia kwenye nyufa. Jua liliwachoma mgongoni na maji yakawapiga usoni.

"Mbele! Mbele! Lala!"

Boti ilizama pua, ikainuka, ikawamwaga magoti juu. Muindi alikuwa akicheka kama mtoto. Nabalayo naye akajikuta anacheka. Alipogeuka alikuta macho ya Mulongo yamemkazia, akanyamaza.

Saa saba walivuta boti kwenye kipande cha mchanga, chini ya ukuta. Mulongo akafungua sanduku: chapati, parachichi, tikiti maji. Akaanza kukata tikiti kwenye kasia alilolilaza kama meza.

"Bibi harusi, mbona kimya hivyo?" Munene alikaa karibu na Nabalayo, chapati mkononi. "Au umeogopa maji?"

"Nimechoka tu, meneja."

"Usichoke kabla ya kazi. Unajua hii ndoa niliijua mimi kabla yako?"

"Kivipi?"

"Boss, tule kwanza," Muindi alisema.

"Nakula huku naongea, mimi si mgonjwa. Siku ile huyu wako alipokuja ofisini, Jumatano, jioni hivi. Akanitajia wale wakorofi wako kwa vidole, mmoja, wa pili, mpaka wa nane, akanyamaza. Nikamwambia, kijana, nimesikia ni tisa. Akaniambia, huyo wa tisa niachie boss, huyo ni wangu. Alikuombea huyu mtu! Nikamwambia, basi kama unamtaka hivyo, umwoe." Akampiga Muindi begani. "Na leo tuko hapa."

Kisu cha Mulongo kilisimama katikati ya tikiti.

Munene akaangalia huku na huku. "Mbona? Si mnaoana? Hukumwambia?"

Nabalayo aliweka chapati yake juu ya jiwe, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Muindi. Ni kweli?"

"Tutaongea nyumbani."

"Nimekuuliza hapa."

"Naba, kuna watu."

"Siku niliyotemewa mate hakukuwa na watu? Ni kweli au si kweli?"

Muindi akatazama maji. "Nilisikia wanataka kuwapeleka polisi wote. Nikaona nikikaa hivyo hivyo utaenda nao. Nilikuokoa."

"Ukawauza wanane."

"Wangejulikana tu. Leo, kesho, wangejulikana. Mimi nilichagua mtu mmoja. Wewe."

Mulongo alisimama, kisu bado mkononi, maji ya tikiti yakimtiririka kwenye vidole. Wanawake wa ofisini wakasogea. Yeye akakichoma kile kisu mchangani mpaka mpini, akamgeukia Nabalayo, si Muindi.

"Getini nilikuuliza. Ulimwambia mtu? Ukaniambia hapana. Ukaapa kwa mama yako."

"Niliapa."

"Sasa huyu aliyajulia wapi? Aliota?"

Nabalayo alijua neno likitoka halirudi. Kwa miaka miwili alikuwa amelikalia.

"Nilimwambia mimi. Jumapili hiyohiyo, tukirudi. Nilikuwa na furaha, Mulongo. Nilijiona mtu. Nikamtajia wote, nikijivunia. Mliponiuliza nikasema hapana, kwa sababu nilijua si yeye. Nilikuwa na hakika si yeye."

"Kwa hiyo ulimficha."

"Nilimficha."

"Na yeye akakuacha uitwe Wa Tisa."

Nabalayo alimgeukia Muindi, na sauti yake ikawa ndogo. "Ulikuwa unanifuta machozi. Kila jioni unaniambia unajua si mimi. Ulijuaje, Muindi?"

"Nilikupenda."

"Ungenipenda ungesimama getini siku ile ukasema ni wewe. Ulinitaka mpweke. Mtu asiye na mwingine haondoki."

Munene akasafisha koo. "Jamani, mambo ya zamani haya. Tuko kwenye umoja."

"Meneja," Mulongo alisema, "kula tikiti."

Nabalayo akatazama kuta. "Kuna njia ya kutoka hapa kwa miguu?"

"Ukiwa nyani, ipo. Mtu anatoka na mto. Masaa matatu."

Ndivyo walivyorudi botini, wale wale, viti vile vile, kwa sababu boti ilishapimwa uzito na Mulongo alikataa kumhamisha mtu. Nabalayo na Muindi walikaa bega kwa bega, makasia yakienda pamoja.

"Mbele!"

"Wazee wangu walishakuja kwenu," Muindi alinong'ona.

"Watarudishiwa walicholeta."

"Nyuma! Upande wa kulia, nyuma!"

"Nani atakuoa Lucky Summer na jina hilo?"

"Jina hilo ulinipa wewe."

"Naba, sikiliza, tunaweza kuhama. Tuhamie Kayole, hakuna anayekujua."

"Wewe nilidhani nakujua."

"Lala!"

Muindi hakulala. Alikuwa amemgeukia, mdomo wazi, anataka kuongeza neno. Wimbi lilimchukua ubavuni, akaenda. Wakaona soli za viatu, kisha povu, kisha kofia ikizunguka karibu na ukuta wa mawe, upande wa Nabalayo.

Mulongo alikuwa na kamba ya kuokolea mkononi. Nabalayo alimwona ameishika, haitupi. Wakatazamana, kitambo kifupi sana.

"Ni wako," Mulongo alisema. "Uko karibu."

Nabalayo akainama, akamkamata Muindi mabegani mwa jaketi kama walivyofundishwa, akajitupa kinyumenyume. Muindi akamwangukia juu, mzito, anatapika maji ya mji mzima.

"Naba... Naba, asante..."

"Ondoka juu yangu."

"Umeniokoa."

"Nilikuwa karibu tu. Shika kasia."

Saa kumi na moja kuta zilifunguka, wakaiona barabara ya vumbi, basi la masupavaiza na lori la kubebea boti. Simu ya Mulongo ilianza kulia ndani ya mfuko wake usiopitisha maji. Mtandao umerudi. Akaitoa, akafungua grupu la WhatsApp la waliofutwa, lililoanzishwa baada ya ile karatasi, ambamo Nabalayo aliondolewa siku ya pili tu. Akampa.

"Mwenyekiti wa kamati bado ni Selpher. Sema wewe."

"Watasikiliza sauti yangu?"

"Ni simu yangu. Watafungua."

Nabalayo alibonyeza kitufe cha kurekodi sauti.

"Ni Nabalayo. Sikwenda kwa meneja. Lakini majina yenu niliyataja mimi, kwa mtu niliyempenda, na mliponiuliza nikadanganya. Hilo ni langu, nalibeba. Lingine ni lake, yuko hapa, atasema kwa mdomo wake."

Akamsogezea Muindi simu.

"Siwezi, Naba. Kazi yangu."

"Kasiva alikuwa na kazi. Na vidole."

Muindi alimtafuta Munene kwa macho. Munene alishapanda basi, anajikausha, amewapa kisogo. Mtu wa boss akishatumika ni kama karatasi ya andazi. Muindi akalowesha midomo.

"Ni Muindi, dereva. Ni mimi niliyewataja. Wanane. Nilimwacha yeye." Akaisukuma simu mbali kidogo. "Ni hivyo tu."

Alama za bluu za waliosikiliza zikatokea moja moja. Kisha simu ikalia. Selpher.

"Mulongo, weka sauti kubwa. Huyo mwanamke yuko hapo?"

"Nipo, mama," Nabalayo alisema.

"Kwa hiyo nusu tulikutukana bure."

"Ndiyo."

"Na nusu ilikuwa yako kweli."

"Ndiyo, mama."

"Sitakuomba msamaha leo. Nina hasira bado, sijui nimpe nani."

"Sijauomba."

"Harusi?"

Nabalayo alivua pete. Ilikataa, vidole vilikuwa vimevimba kwa maji, akaivuta mpaka ngozi ikachubuka. Akaiweka kwenye kofia ya Muindi, ile aliyokuwa ameishika kama bakuli la muombaji.

"Hakuna harusi."

"Na mimi nirudi na nani?" Muindi aliuliza.

"Rudi na meneja wako," Mulongo alisema, akianza kutoa hewa kwenye boti. "Kule una kiti."

Muindi akaenda. Nabalayo hakumsindikiza hata kwa macho. Simu ilikuwa bado hewani.

"Kuna kitu kimoja," Selpher alisema. "Kweyu alikufa akiamini ni wewe. Alikulaani kitandani, mke wake akiwa amemshika mkono. Huyo mke, nani atamwambia?"

"Nitakwenda mimi. Kesho asubuhi, Ziwani."

"Hatakufungulia."

"Najua."

"Atakumwagia maji machafu."

"Leo nimeshinda ndani yake, mama."

Kwa mara ya kwanza sauti ya Selpher ikapungua makali. "Akikataa kabisa?"

"Nitakaa mlangoni," Nabalayo alisema, "mpaka anisikie nikisema nilichofanya na ambacho sikufanya. Vyote viwili."