Kiti cha Nyuma cha Packard

Jioni moja ya Oktoba, jua likizama nyuma ya viwanda vya Detroit, Odessa Whitlow alikwenda nyumbani kwa marehemu kaka yake, Thaddeus, kutayarisha vitu vya kuuza. Kesho yake mnunuzi angekuja kubeba vyote viwili: gari jeusi aina ya Packard la mwaka 1948, lililokaa gerejini miaka thelathini bila kutoka, na mfano wake mdogo, kigari ambacho Thaddeus alikitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Kigari kilikuwa mezani, mbele ya boneti ya gari lenyewe. Milango yake ilizungushiwa uzi mweusi, fundo juu ya fundo. Mafundo tisa.

Bibi yao, kule Georgia, alikuwa akifunga hivyo kitu asichotaka kitoke.

Lakini angempaje mgeni kitu cha namna hiyo? Alichukua mkasi, akakata.

Mlango mdogo ulifunguka wenyewe.

Harufu ikamjia usoni... ngozi iliyolowa, maji ya mtoni, na marashi ya kike. Kiti cha nyuma cha kigari kilivalishwa kipande cha ngozi ya kahawia, na Odessa aliitambua ngozi ile. Miaka thelathini iliyopita alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Thaddeus alimletea kiti cha nyuma cha Packard kikiwa kinachuruzika maji, akamwambia abandue ngozi ya zamani, hiyo hiyo ya kahawia, ashone mpya, na asiulize. Juma lile lile Verlene, mke wa Thaddeus, alitoweka. Thaddeus alisema ametoroka na mwanamume, wamekwenda Memphis.

Odessa akashona. Hakuuliza. Na majirani walipouliza, yeye ndiye aliyewajibu kwamba Verlene ametoroka na mwanamume.

Tk.

Sauti ilitoka kwenye gari kubwa.

Tk... tk...

Kitasa cha mlango wa nyuma kilikuwa kinacheza, polepole. Vioo vilikuwa vimeingia ukungu kwa ndani, kama vile mtu anapumua humo.

"Wifi," sauti ilinong'ona. "Wifi... nifungulie."

Odessa alisogea hadi kwenye kioo. "Verlene?"

"Nifungulie. Linanikanyaga."

"Nini kinakukanyaga?"

"Gari."

Alifungua.

Hakukuwa na mtu. Kiti alichokishona mwenyewe kilikuwa kimebonyea katikati, kama mtu ndiyo kwanza ameinuka. Maji yalitiririka kutoka kitini hadi sakafuni, yakapotelea kwenye ufa wa saruji, chini ya gari.

Odessa aliwaita polisi. Aliwaeleza yote, hata habari za kile kiti, ingawa alijua watamuuliza kwa nini alinyamaza miaka thelathini. Walisukuma Packard nje, wakavunja saruji. Chini yake walikuta mifupa ya mwanamke, imeviringishwa kwenye turubai.

Jumapili alisimama kanisani mbele ya watu wote, akakiri kwamba alimsingizia wifi yake. Alilia hadi akashikwa mikono.

Siku nne baadaye mpelelezi, Bi. Kowalczyk, alimpigia simu, akamwomba kwanza akae. Verlene alikuwa amepatikana. Yuko Memphis, mzima wa afya, ana wajukuu.

Odessa alitafuta namba, akampigia mwenyewe. Alimweleza yote yaliyopatikana. Verlene akaeleza kwamba alitoroka kweli, lakini peke yake. Kuna mwanamke alikuja mlangoni na sanduku lake, akasema Thaddeus amemwoa. Verlene hakupiga kelele. Alimwachia nyumba, akapanda basi. Hata jina lake hakumuuliza.

Odessa akauliza, kwa shida, kama Verlene aliwahi kumwita wifi.

"Mimi? Siku zote nilikuita Odessa," Verlene alijibu. Akashusha sauti. "Lakini yule... yule mwanamke wa sanduku alikuwa akikuulizia. Alisema anatamani sana kuonana na wifi yake."