Tangazo la Saa Saba

Kompyuta ya redio ile ndogo ya Tororo ilipowaka tena, haikutoa sauti. Picha zilikuja, saa ikaja, lakini spika zilikaa kimya, na chumba cha matangazo kikaanza kunuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi ile.

Okanya hakujali sana. Kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya vifo, ila kwa kuwa aliwahi kutazama video tatu za mfumo wa kompyuta wa Linux kwenye simu, wenzake walikuwa wamemtawaza fundi. Asubuhi hiyo alikuwa ameweka kernel mpya, yaani kile kiini kinachoamrisha kompyuta nzima, kuanzia diski mpaka sauti. Kisha, kabla hata hajaijaribu, akaifuta ile ya zamani ili apate nafasi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwamo kwenye zile video.

Saa saba mchana spika zikafunguka zenyewe. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Okanya, na Okanya alikuwa amefumba mdomo.

"Familia ya Mzee Osinya wa Mwello inasikitika kutangaza kifo chake."

Osinya, mlinzi wa redio, alikuwa langoni anakula muhogo. "Wananiua na mimi nakula?" akauliza, akacheka. Saa tisa haijafika, alianguka palepale na hakuamka.

Okanya aliizima mashine, akaiwasha, akatafuta orodha ya kernel ambamo ile ya zamani ingekuwa inamngoja airudie. Palikuwa na mstari mmoja tu. Alijaribu kuipakua upya mara nne, na mara nne mashine ilikataa.

Kesho yake, saa saba, sauti yake ilisema, "Familia inasikitika kutangaza kifo cha Proscovia, mke wa mtangazaji Okanya. Mazishi ni kesho, kijijini kwao Masinya."

Aling'oa waya ukutani na sauti ikaendelea, akakimbilia nje na kuikuta inatoka kwenye redio za wauza nyanya, za kinyozi, za boda boda waliosimama kivulini, na wote walikuwa wanamtazama kwa huruma, na harufu ya udongo ilimfuata hadi mlangoni kwake, ambako Proscovia alikuwa anafua, mzima, binti yao Atai akicheza na povu. Aliwapakia wote wawili kwenye pikipiki, akalia njia nzima.

Mama mkwe wake, Taaka, aliwapokea Masinya. Okanya alisimama mbali naye, macho chini, kama mkwe apaswavyo.

"Hiyo kitu imetaja jina, inataka kaburi," Taaka alinong'ona. "Mtu wetu akipotelea ziwani, mwili isipatikane, sisi nazika mgomba. Tutaipa mgomba."

"Mama, lakini huyu ni mzima."

"Nyamaza, mwanangu. Unataka tuzike nini, mgomba ama yeye?"

Okanya alimpenda mkewe kuliko pumzi zake, na angezika hata mlima.

Siku iliyofuata walikata mgomba, wakauvisha gomesi ya Proscovia, wakaulaza ndani ya jeneza na kulia kilio cha kweli, maana Taaka alisema jini hadanganywi kwa kilio cha mzaha, na jina la Proscovia likaandikwa msalabani, na Okanya, mgane wa mgomba, akatupa udongo wa kwanza. Saa saba ilipotimu, simu iliyokuwa mfukoni mwake ikajiwasha.

"Familia inawashukuru wote waliohudhuria mazishi ya Proscovia."

Kisha kimya. Ile harufu ikaondoka, na Okanya akapiga magoti akamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu akageukia barazani, ambako mkewe alikuwa ameketi tangu asubuhi, Atai akiwa amelala pajani mwake.

"Prosi, imekwisha. Twende nyumbani."

Mkewe alimtazama kwa heshima, jinsi mtu anavyomtazama mgeni, akamlaza mtoto taratibu kwenye mkeka, akainuka na kumpa mkono.

"Pole na msiba, ndugu yangu," alisema. "Marehemu ameacha mtoto?"