Sifuri Iliyoibiwa

Delfino Quintana alikutwa kifudifudi kwenye kizingiti cha banda la betri, kizimamoto mkononi, pini yake haijachomolewa. Moshi ulimuua kabla moto haujamfikia. Theluji iliyozunguka banda ilikuwa nyeusi kwa masizi.

Inspekta Belén Archuleta aliuinamia mwili kwa muda mfupi, kisha akaenda kwenye ukuta. Waya uliotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta, ile mashine inayougeuza umeme wa betri uwe wa matumizi ya nyumbani, ulikuwa umeungua hadi shaba ikabaki uchi. Fyuzi ya ampea 350 ilikuwa nzima.

Naibu wake, Wendell, alikuwa ameshafunga kesi kichwani. Huo ni waya namba 4, alisema, mwembamba kama penseli. Mzigo ule unataka 4/0, nne-sifuri, mnene kama kidole gumba. Fundi Rosaura Maestas, aliyefunga sola hii, alisahau sifuri, basi. Bonde zima la San Luis linajua fundi mmoja au wawili waliowahi kufanya kosa hilo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mwendesha mashtaka alitaka kumshtaki Rosaura Jumatatu saa nne kwa kuua kwa uzembe. Akipatikana na hatia, leseni yake ingekwenda, na yeye angekwenda jela.

Belén alimkuta Rosaura jikoni kwake, hajala, macho mekundu.

"Nionyeshe hesabu zako."

Rosaura alisukuma daftari mezani. Wati 3000 kwa volti 12 ni ampea 250. Inveta yenyewe hupoteza kidogo, kwa hiyo 278. Ongeza robo kwa usalama, 347. Fyuzi 350. Waya 4/0, na sifuri ilikuwa imezungushiwa duara mara mbili.

"Pengine uliandika sawa ukafunga vibaya."

"Mama, waya ule mnene haupindiki bila kuweka goti. Huu mwingine unaukunja kwa vidole. Nitachanganyaje?"

"Watu huchanganya chumvi na sukari."

"Halafu wanaonja. Mimi nilionja. Niliwasha kila kitu kwa saa nzima, nikaushika waya kwa mkono. Ulikuwa baridi." Alifunga daftari. "Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Yangu iliulinda waya wangu. Ukichomeka mwembamba mahali pake, utaungua na fyuzi inautazama tu."

Belén alikuwa amelea watoto watatu, na alijua sauti ya mtu anayetunga. Hii haikuwa sauti hiyo. Lakini sauti si ushahidi.

Ushahidi uliletwa na mtaalamu wa maabara mchana. Kila ncha ya waya hubanwa ndani ya kichwa cha shaba, ndipo kinapofungwa kwa bolti. Mashine ya Rosaura hubana na kuacha pande sita safi. Vichwa vilivyotoka kwenye moto vilikuwa vimebanwa kwa kibanio cha kugongwa kwa nyundo, kila kimoja na kibonyeo kimoja, na ndani ya kila kibonyeo mkwaruzo uleule wa mshazari. Kibanio kile kilikuwa na jino bovu.

Belén alirudi kwa mjane. Ninfa Quintana alikuwa amezungukwa na majirani na masufuria ya mchuzi wa pilipili za kijani waliouleta msibani. Alishaulizwa kama mgeni yeyote aliingia bandani tangu Rosaura alipomaliza kazi, akajibu hakuna. Safari hii Belén aliuliza vingine.

"Na asiye mgeni?"

Ninfa alimshangaa. "Abelardo tu. Ndiye baba wa ubatizo wa binti yetu, huyo ni mtu wa nyumbani. Alikuja wiki tatu zilizopita kuongeza maji ya betri, sisi tuko misani."

Abelardo Gurulé alikuwa fundi wa sola wa kwanza bondeni. Rosaura alijifunza kwake.

Belén alimfikia saa tisa akiwa na Wendell na hati ya upekuzi. Abelardo alimkaribisha kahawa, akasikitika kwa adabu. Alisema msichana ana haraka siku zote, alimwonya sana.

"Nionyeshe umeme wako, mzee."

"Wangu una nini?"

"Fungua tu."

Ndani ya banda lake, juu ya meza ya kazi, kulikuwa na kibanio cha kugongwa kwa nyundo. Belén alikielekeza kwenye mwanga: jino limemeguka kwa mshazari. Alimpa Wendell. Kisha akaangalia ukutani. Kutoka betri za Abelardo hadi inveta yake ulipita waya mnene, mpya, wenye vichwa vya pande sita safi. Kwenye utepe mwekundu wa ncha palikuwa na herufi mbili za mkono: R.M.

"Ungeutupa mtoni," alisema Belén.

Abelardo aliketi juu ya ndoo. "Shaba nzuri vile? Hutupi."

"Kwa nini, Abelardo?"

"Nilimfundisha kushika bisibisi. Halafu bonde zima likaanza: mwite Rosaura, mwite Rosaura. Nilipita barabarani, hakuna aliyenisimamisha." Alifuta uso. "Nilitaka waya uungue kidogo. Unuke. Waniite mimi nije nitengeneze. Sikujua Delfino angepasha injini ya gari kwa umeme, kwa ajili ya baridi, pampu inavuta maji na oveni imewaka, vyote pamoja."

"Ulijua fyuzi haitakatika."

Abelardo alinyoosha mikono yake miwili. "Nilijua."

Wendell alimfunga pingu.

Jumatatu saa nne mwendesha mashtaka alisimama mahakamani kuondoa jina la Rosaura Maestas kwenye faili, akalitamka kwa sauti, huku viti vyote vimejaa. Nje, Ninfa alimshika mkono kabla mtu mwingine hajamfikia.

"Banda langu ni giza. Unakuja lini?"

Alikuja wiki hiyohiyo. Ninfa aliwasha pampu, oveni na kipasha-injini, vyote. Walisubiri saa nzima, Belén naye akiwa amesimama mlangoni na koti lake. Rosaura akauchukua mkono wa mjane, akauweka juu ya waya.

"Baridi," alisema Ninfa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka.