Pampu ya Bronzi ya Shangazi Kalipa

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima ya At-Bashy pale Burul alipobandika karai la mafuta. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi magharibi wafu hurudi majumbani mwao kunusa. Hawadai nyama wala wali. Harufu ya maandazi yanapokaangwa inawatosha, wakishaipata huenda zao. Asiyekaanga, shauri yake.

Tena haikuwa Alhamisi ya hivi hivi. Kesho yake ilikuwa arobaini ya Shangazi Kalipa, na watu wa mitaa mitatu wangekuja kula nyumbani kwa marehemu, mwendo wa dakika tatu tu kutoka hapo. Mwenye shughuli alikuwa Sagyn, mumewe Burul, fundi bomba. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipokufa. Hakuwa na mtoto mwingine.

Sagyn alikuwa akivua viatu mkewe alipomwita. Hakuinua uso kutoka kwenye karai.

"Baba Aliman, maji ya moto kule kwa shangazi yanatoka mekundu. Kesho wageni watanawa nini?"

Sagyn akasema ni kutu kidogo, yataisha yakiachwa yatiririke.

"Hayaishi," Burul akanong'ona. "Hata siku ile tulipomwosha yalikuwa hivyo hivyo. Tulimwosha kwa maji mekundu. Bibi Batma alitwambia tufunge midomo, nami nimeufunga wangu mpaka leo."

Sagyn akabaki na kiatu mkononi.

Burul aliendelea bila kujua anachokipasua. Alisema muuza pampu ya kuzungushia maji ya moto aliwatapeli, yule aliyeapa kuwa ni bronzi. Mtu na akimbilie sokoni sasa hivi kabla makontena ya maduka hayajafungwa, anunue nyingine, ya kweli. Sagyn akavaa tena viatu. Alitoka haraka, si kwa kuwahi soko, bali kwa kuukimbia uso wa mkewe.

Muuza pampu hakumtapeli mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtungi huo ilikuwa Sagyn mwenyewe.

Maji ya nyumba za huko ni ya namna mbili, na fundi mwanagenzi hufundishwa hilo siku ya kwanza. Yapo ya kupasha vyumba, yanayozunguka mabombani humo humo mwaka mzima, maji mazee yasiyo na meno. Hayo pampu ya chuma yanaivumilia. Na yapo ya bombani, ya kunywa na kuoga, ambayo kila siku ni mapya, na maji mapya hula chuma. Hayo yanataka bronzi, isiyoshika kutu. Shangazi Kalipa alilijua hilo kuliko mafundi wengi. Vuli iliyopita alikwenda sokoni mwenyewe na Sagyn, macho yamefifia, akazipiga pampu moja moja kwa pete yake ya fedha, sikio limeinama. Ya chuma ilisema tok. Ya bronzi iliimba. Akaichagua ile iliyoimba, ya mwisho iliyobaki soko zima.

Na Sagyn akaifunga nyumbani kwake.

Wakati ule alikuwa na kichanga, Aliman, miezi miwili. Alitaka mtoto aogeshwe kwa maji safi. Hilo ndilo alilojiambia mchana. Usiku alijiambia lingine, na hilo ndilo lililomchoma sasa njiani mpaka masikio yakawaka katikati ya baridi. Alijiambia: kizee huyu amebakiza masika mangapi?

Kwa shangazi akafunga ya chuma. Kabla ya kuifunga aliipaka rangi iliyobaki kwenye kopo, ile ya dhahabu dhahabu aliyopakia uzio wa kaburi la mume wa shangazi. At-Bashy nzima rangi hiyo huitwa bronzi. Kwa hiyo ajuza alipoingia chumba cha tanuri la kupashia maji, akaipapasa na kuuliza kama ni ya bronzi, fundi hakuhitaji hata kusema uongo.

"Ni ya bronzi, shangazi."

Akaigonga kwa pete. Tok.

"Mbona haiimbi?"

"Iliyojaa maji haiimbi, shangazi."

Akacheka, akamwombea dua. Miezi mitatu baadaye alikufa.

Sokoni makontena yalikuwa yameshafungwa. Theluji ilikuwa imeganda njiani, hapana hata mbwa. Sagyn alikuwa karibu kugeuka alipoona mwanga mwembamba mwishoni mwa safu. Kontena moja wazi. Taa ya mafuta. Mwanamke aliyejifunika shali kubwa mpaka puani, ameketi juu ya kreti.

Harufu ilimfikia kwanza. Chuma kilicholowa... na moshi wa archa, ule mti unaofukizwa maiti anapotolewa.

Akamwamkia. Mwanamke aliuliza tu, kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Ya maji gani?"

"Ya bombani."

"Ya kunywa?"

"Na ya kuoga," alisema Sagyn.

"Na ya kuosha?"

Mwanamke akanyoosha mkono kwenye rafu, mkono uliokunjamana ngozi za vidole, kama uliokaa majini kutwa. Ulikuwa na pete. Akagonga pampu ya kwanza.

Tok.

Ya pili.

Tok.

Ya tatu ikaimba. Sauti ikapita katikati ya makontena yaliyofungwa, ikarudi, ikakaa masikioni. Kutoka mkononi mwake tone likadondoka juu ya theluji. Jekundu.

"Iliyojaa maji haiimbi," alisema yule mwanamke. "Eti?"

Maneno hayo Sagyn aliyasema mahali pamoja tu duniani, mbele ya mtu mmoja tu. Alitaka kuuliza. Mwanamke alikuwa ameshaitia pampu kwenye gunia na kumsukumia. Sagyn alipopapasa mfuko atoe pesa, yeye alitikisa kichwa.

"Chukua. Hii ni yako."

Taa ikazimika.

Hakukumbuka alivyotoka sokoni. Alichokumbuka ni kwamba gunia lilikuwa la moto mgongoni. Baridi ile ya kugandisha mate, na pampu ina joto kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi! Alijiambia mama yule ana jiko ndani ya kontena. Alilirudia hilo njia nzima, kwa sauti, mpaka nyumbani kwa marehemu.

Chumba cha tanuri kilikuwa kama alivyokiacha. Akafunga koki mbili, akafungua pampu ya chuma. Rangi ya kaburi ilikuwa imebanduka magamba magamba, na ndani mlijaa tope jekundu zito. Akalitazama tope lile. Hilo ndilo walilommiminia shangazi kichwani, kwenye zile nywele zake nyeupe alizokuwa akizisuka mwenyewe kila asubuhi, hata macho yalipokataa. Sagyn alilia pale pale sakafuni, akiuma mkono wa koti asisikike, ingawa nyumba ilikuwa tupu.

Kisha akaivuta pampu mpya kutoka gunia na kuisogeza karibu na taa.

Kwenye mizunguko ya nati, pale inapobana bomba, palikuwa na nyuzi za buluu.

Mafundi wote huzungushia katani ili maji yasivuje. Vuli ile katani ilimwishia siku anafunga pampu ya nyumbani kwake, akachomoa sufi ya buluu kwenye blanketi la Aliman, akazungushia. Hakuna fundi mwingine anayeweza kufanya upuuzi huo. Pampu hii ilikuwa yake. Ilikuwa ile ile, ya shangazi, iliyokuwa ikizunguka ukutani kwake asubuhi ya leo.

Mikono ikafanya kazi, maana mikono ya fundi hujiendea yenyewe. Akaifunga. Akafungulia maji. Yalitoka mekundu, yakawa ya chai, yakawa meupe kabisa. Ile ya chuma akaitia guniani na kuitupa kwenye shimo la majivu nyuma ya ua, akaifukia kwa koleo.

Nyumbani alimkuta Burul amesimama katikati ya chumba, mtoto kifuani, beseni chini.

Maji ya beseni yalikuwa mekundu.

"Umefanya nini?" Burul aliuliza, anamtazama kama asiyemjua.

Akasimulia kwa kunong'ona. Tangu mumewe alipokwenda sokoni, maji ya moto yalikatika. Akangoja. Muda si mrefu uliopita Sagyn aliingia kwa mlango wa nyuma na gunia, koti lake, kofia yake, akapita moja kwa moja chumba cha tanuri. Burul akamsemesha, hakujibiwa. Akadhani amekasirika kwa yale ya maji. Akasikia spana, akasikia tok, tok... halafu kimya. Maji yakarudi, lakini hivi.

"Sikuingia humu," alisema Sagyn.

"Ulinipita hapa. Mikono yako ilikuwa imelowa. Tangu lini unavaa pete?"

Sagyn akachukua taa. Akausukuma mlango wa chumba cha tanuri. Pampu ilikuwa ukutani, pale pale ilipokuwa ya bronzi. Ilikuwa ya chuma, imepakwa upya, dhahabu dhahabu. Alipoigusa, rangi ilibaki kidoleni.

Usiku ule alimweleza mkewe yote, na hata lile la masika mangapi. Burul hakupiga kelele. Alimhamishia mtoto upande wa ukutani na kumpa mgongo, na Sagyn aliona ingekuwa nafuu kama angepigwa.

Siku ya pili wageni walijaa. Kwa desturi, siku ya mazishi Sagyn ndiye aliyesimama mbele ya jeneza akawauliza watu: huyu alikuwa mtu wa namna gani? Wote wakajibu: alikuwa mtu mwema. Leo alishika birika na taulo, kazi ya vijana wadogo, akapita mwenyewe kuwanawisha wazee. Alipofika kwa Bibi Batma, mkubwa wa waosha maiti, mkono ulikataa kuinamisha birika.

Akasema mbele ya wote. Alisema pampu ya bronzi ya marehemu ilikuwa kwake, na ile iliyofungwa huku ilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya kaburini. Hakusingizia mtoto.

Bibi Batma hakushtuka. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini aibu ile haikuwa ya maiti, na bibi huyo alikuwa amemwekea mwenye aibu hiyo, Sagyn, siku arobaini, akingoja.

"Mimina," alisema.

Sagyn akamimina. Maji yalikuwa safi. Bibi Batma akayatazama yakipita vidoleni mwake.

"Maji umeyabadilisha, mwanangu. Lakini maiti haoshwi mara mbili."

Kisha akasukuma kando taulo alilonyooshewa, akajifuta kwa gauni lake.

Alasiri Sagyn alikwenda kulifukua shimo la majivu. Alilikuta gunia, limefungwa vile vile. Tupu.

Pampu ile ya rangi hajaitoa. Mafundi wenzake wanamcheka, eti kinyozi hajinyoi. Bronzi zimejaa tele sokoni siku hizi, naye anawachagulia wateja wake kwa kuzigonga moja moja, na hakuna aliyewahi kulalamika. Ya kwake haigusi. Burul huchota maji ya mtoto kwa shangazi, kwa ndoo, na hamwombi msaada.

Na kila Alhamisi, mafuta yakianza kunukia, Sagyn hukaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba cha tanuri. Mle ndani pampu ya chuma, iliyojaa maji, hugongwa mara moja.

Inaimba.

Halafu kimya, kama mtu aliyeinamisha sikio anangoja jibu. Sagyn humjibu, taratibu, mtoto asiamke.

"Ni ya chuma, shangazi. Ni ya chuma."