Neno la Bi Khole

"Kahawa yako inapoa, Bader."

"Nitainywa nikipata jawabu, Bi Khole."

Kikombe kilikuwa mbele yake hakijaguswa; mposaji hanywi mpaka akubaliwe. Wasan alikuwa ametoka eda ya mumewe, Khattab, wiki ile tu. Akamtazama Bader, rafiki wa marehemu, akaona haya kumkatalia. Msiba mzima ndiye aliyekuwa akitoka Nizwa kuja huku Ibra, Oman, na maboksi ya maji na tende, akiyaacha mlangoni bila kuomba hata kuingia. Mtu wa wema kama huo utamwambia nini?

"Bibi, na wewe sema," Wasan akanong'ona.

"Mie nisemeje, mjukuu wangu? Neno langu limeshaua mtu."

Tangu msiba utokee, Bi Khole hakuwa na kauli nyingine. Khattab alikuwa mtengeneza filamu. Alimweka bibi huyu mbele ya kamera aeleze alivyoolewa Unguja, naye akasema akicheka: "Harusi yangu ilikuwa kufuru." Ajuaye Kiswahili alielewa: harusi kubwa, ya kupita kiasi. Lakini kipande kile kikaenea mitandaoni na maandishi ya Kiarabu chini yake, kwamba bibi anaisifu harusi ya ukafiri. Vijana wawili, wasiojua hata neno moja la Kiswahili, wakamvizia Khattab mlangoni mwa ukumbi, huko ugenini alikokwenda kuionyesha filamu. Wakamchoma visu, wakijiita watetezi wa dini.

"Usijilaumu, bibi," Bader akasema kwa upole. "Mie nilimwonya marehemu. Nilimwambia, nikiifasiri hii kwa Kiarabu, watu watachemka."

Bi Khole akainua kichwa.

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia, ikifasiriwa..."

"Hukusema hivyo. Umesema 'nikiifasiri'."

"Ulimi tu, bibi. Sisi vijana Kiswahili chetu kibovu."

"Kibovu unapotaka. Cha kumposea mjukuu wangu kilikuwa kizuri."

Wasan akamgeukia.

"Bader, niangalie. Yale maandishi uliyaandika wewe?"

"Wasan, khalas, yamepita."

"Uliyaandika wewe?"

"Bibi kasema kufuru, nami nikaandika kufuru. Sikuongeza kitu."

"Na maana yake uliijua."

Bader akaangalia zulia.

"Niliijua. Nilitaka watu wamtukane, basi. Nilidhani wazee wako wataona aibu, watakuondoa kwake. Nilikupenda kabla yake, Wasan. Wallahi sikujua wataua."

"Na ulipojua wameua, ukaniletea tende."

Wasan akazikumbuka tende zile, laini, tamu, alizozila akilia.

"Nilikuwa nakuombea dua," akasema. "Kila nikisali. Namwombea Khattab, halafu nakuombea wewe. Toka."

"Nisikilize kwanza."

"Toka, Bader. Nikikaa na wewe chumba kimoja nitatapika."

Akatoka. Gari lake halijafika barabara kuu, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Wasan: "Yabaki kwetu watatu. Tafsiri ile niliifanya kwa mapenzi."

Wasan akamsomea bibi yake, ameishika simu kwa ncha ya mtandio kama kitu kilichookotwa jaani.

"Mapenzi," Bi Khole akasema. "Hata hayo kayatia uchafu."

"Nimjibu nini?"

"Yule hajibiwi. Mpelekee wakili wa kesi ya Khattab."

Wasan akautuma. Punde wakili akapiga.

"Ujumbe huu ni mzito, Wasan. Lakini Bader atashikilia kwamba kaandika kilichosemwa. Mahakama ya huko alikouawa itataka mtu wa kuieleza neno lile kwa Kiswahili cha kwenu. Unaye?"

Kabla Wasan hajajibu, Bi Khole alikwishanyoosha mkono kuitaka simu.

"Mwanangu, mie Khole. Sijapanda ndege tangu nije Oman, lakini nikatie tiketi. Neno ni langu, nitalifasiri mwenyewe."