Kavuo na Alama Nyekundu

Kila mara lori la Papa Constantin lilipojiandaa kuondoka Kashebere kwenda Walikale, Mamie alilizunguka akiwa na simu mkononi. Alipiga magurudumu kwa fimbo, akawasha taa, akapanda na kukanyaga breki. Kila alichokagua alikiwekea alama katika programu ya simu: kijani kwa kilicho kizima, nyekundu kwa kibovu. Programu yenyewe ilikuwa ya bure. Madereva walirushiana kutoka simu hadi simu, na haikuhitaji mtandao. Ilitunza pia kumbukumbu za makosa ya njiani, kama vile kuzidisha mizigo. Palipokuwa na nyekundu hata moja, lori halikutoka.

Kavuo, binti wa Papa Constantin, alitazama hayo akiwa mlangoni mwa duka lao, roho ikimwuma. Mamie alikuwa mtoto wa shangazi yake, aliyekimbia vita huko Kingi wakampokea. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kavuo aliona huyu amekuja ili mwenyeji augue. Zamani yeye ndiye aliyeweka mkono juu ya boneti na kuwaombea wasafiri, na Papa alisema hasafiri bila maombi ya binti yake. Siku hizi swali lake la kwanza lilikuwa, "Mamie anasema nini?" Mara nyingine lori liliondoka bila maombi, na Papa hata hakugundua. Kavuo alimwonea Mamie wivu wa wazi, akamnunia hata wakati wa kula.

Siku hiyo Mamie alikanyaga breki, pedali ikazama yote. Akachungulia nyuma ya gurudumu, akaona mafuta yanachuruzika.

"Kavuo, unichungie telefone, iko ku sharji," alisema. "Nimetia rouge ku freni. Naenda kuita Papa Evode, fundi."

"Enda tu," Kavuo alijibu bila kumtazama.

Alipobaki peke yake, aliigusa ile nyekundu ya breki, ikawa kijani. Hakutaka mtu aumie. Alitaka tu Mamie arudi na fundi, Papa akute kila kitu ni kijani, amwone msichana huyo hajui kitu.

Lakini kabla Mamie hajarudi, Papa Constantin alifika akihema pamoja na dereva wake, Symphorien. Barabara iliyofungwa na mapigano ilikuwa imefunguliwa, na magari yote yalitakiwa kuondoka pamoja, mara moja. Papa aliichukua simu akaitazama.

"Yote iko vert. Tupande."

Akina mama waliokimbia vijiji vyao wakapanda nyuma na watoto wao. Symphorien akawasha injini.

"Kavuo, kuya utuombee," Papa aliita. "Leo niko naenda nabo."

Ni maneno aliyoyatamani kwa muda mrefu. Kavuo aliweka mkono juu ya boneti. Mbele kulikuwa na mteremko mrefu wa kushukia msituni, na nyuma ya lori mama mmoja alikuwa akinyonyesha.

"Ee Mungu, uwalinde..." alianza, kisha akauondoa mkono. Angewezaje kumwomba Mungu azuie kile alichokifanya kwa mkono huohuo?

"Papa, musiende," alisema akilia. "Freni iko mubaya. Mamie alitia rouge, miye njo nilibadirisha."

Papa alimwamuru Symphorien azime injini. Watu wakashuka wakinung'unika, na magari mengine yakaondoka bila wao. Mamie alipofika na fundi, mpira wa mafuta ya breki ulifunguliwa, ukakutwa umepasuka.

"Huu ungekatika ku muteremuko," Papa Evode alisema.

Mamie alimtazama Kavuo. "Miye sikukunyanganya baba," alisema polepole. "Wangu alibakia Kingi."

Kavuo aliinamisha kichwa, akamwomba msamaha, kisha akairudisha ile nyekundu mbele ya wote.

Papa Constantin alimketisha kando yake.

"Nilikosea kukusahau, mutoto wangu," alisema. "Lakini wivu ulikuonesha Mamie tu. Haukukuonesha bale bamama na batoto benye hawakukukosea kitu. Telefone inasema tu kile muntu ameandika. Siku ingine roho ikikuuma, kuya uniambie, nitakusikiliza. Gari haiwezi kujua kama ulikuwa na wivu. Yenyewe itaanguka tu."